Milima ya Ngao na Mwaka wa 1977

Katika mazoezi ya tafsiri yanayohusu jiografia, kuna istilahi moja ambayo wanafunzi huipita haraka sana. Wanakutana na volkano inayofananishwa na ngao, wanaandika "volkano ngao", kisha wanaendelea na sentensi inayofuata. Tafsiri hiyo si mbaya, na sina nia ya kupendekeza nyingine. Ninachotaka kuonyesha katika makala haya ni kwamba neno hilo lina historia yake, na kwamba linapoingia katika Kiswahili linaongezewa maana ambayo waliolibuni hawakuikusudia. Jambo hili lingeweza kuachiwa wataalamu wa istilahi peke yao, lau isingekuwa kwamba milima yenyewe inakaliwa na watu, na wengi wa watu hao huzungumza Kiswahili au lugha iliyo ndugu yake wa karibu.

Neno lilitoka wapi? Nchini Iceland kuna mlima uitwao Skjaldbreiður, na maana ya jina hilo katika lugha ya huko ni "ngao pana". Kimo chake ni kama mita 1,060 tu, na miteremko yake ni ya taratibu mno. Wenyeji waliupa jina hilo karne nyingi kabla ya kuwapo kwa elimu ya jiolojia. Mwaka 1888 mwanajiolojia wa Austria, Eduard Suess, alitumia mfano huohuo wa ngao kwa Kijerumani ili kutaja aina nzima ya volkano zenye umbo hilo. Kutoka Kijerumani neno likaingia Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na kutoka huko likatufikia sisi.

Hapa ndipo msomaji wa Maziwa Makuu anapaswa kusimama kidogo. Ngao ya watu wa Iceland ilikuwa ya mviringo, yenye mgongo uliotuna kidogo katikati. Ukiilaza chini, mgongo juu, unapata umbo la mlima wenyewe. Ngao za kwetu hazikufanana zote na hiyo. Mganda anaposema *engabo*, au Mnyarwanda na Mrundi wanaposema *ingabo*, neno ni lilelile la Kiswahili kwa asili, lakini picha inayokuja kichwani yaweza kuwa ya kitu kirefu, kilichosimamishwa mbele ya mwili wa mpiganaji. Mwanafunzi mwenye picha hiyo atachora mlima mrefu na mwembamba, yaani kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Kwa hiyo mwalimu aanze kwa kuilaza ngao chini.

Lipo pia jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Suess alitazama umbo peke yake. Katika Kiswahili, ngao ni kinga. Tunasema mtu fulani amekuwa ngao ya wenzake, na tunaelewa kwamba amewakinga na madhara. Kuna hatari basi kwamba msikilizaji atauelewa mlima wa ngao kuwa mlima mwema. Na vitabu vyenyewe vinasaidia kumpotosha, kwa sababu karibu vyote vinaeleza kwamba volkano za aina hii ni za upole.

Upole huo una sababu, na ni haki tuieleze. Anayemwaga uji mwepesi juu ya meza huuona ukitandaa hadi ukingoni, lakini ugali ukiupakua hubaki kilima. Miamba iliyoyeyuka nayo ina tofauti za namna hiyo. Ile yenye silika chache, kama basalti, ni nyepesi na hutiririka mbali ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi. Gesi zilizomo ndani yake hupata njia ya kutoka bila kishindo kikubwa. Lava hiyo, ambayo vitabu vingine huiita zaha, hutandaa tabaka juu ya tabaka kwa maelfu ya miaka, na mlima unakua kwa upana kuliko kwa urefu. Mauna Loa ya Hawaii imejengwa hivyo. Juu ya bahari ina mita 4,169, lakini ikipimwa kutoka sakafu ya bahari inafikia kama kilomita 9, na ukiwa juu yake ni vigumu kuamini kwamba umesimama juu ya mlima wowote. Nyamulagira, kaskazini mwa Ziwa Kivu, ni wa ukoo huohuo. Una mita 3,058, na tangu mwishoni mwa karne ya 19 umelipuka zaidi ya mara arobaini, jambo linaloufanya uhesabiwe miongoni mwa volkano zenye shughuli nyingi kabisa barani Afrika.

Ili kupima upole huo nimechagua mwaka mmoja tu, 1977. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mwaka huo una kumbukumbu nyingine: kuzaliwa kwa Chama cha Mapinduzi mwezi Februari, kufungwa kwa mpaka wa Kenya na Tanzania, na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Magazeti yetu yalikuwa na mengi ya kuandika. Pengine ndiyo sababu mambo yaliyotokea milimani mwaka huohuo, kuanzia Kivu hadi katikati ya Bahari ya Hindi, hayakuwahi kuelezwa pamoja.

Mwezi Januari: Kivu

Mwaka ulipoanza, Nyamulagira tayari ulikuwa ukiwaka. Mwezi Desemba 1976 ufa ulikuwa umefunguka upande wake wa kusini, mahali panapoitwa Murara, na lava ilikuwa ikitiririka ndani ya hifadhi ya Virunga. Hilo halikuwa jambo geni. Watu wa Kivu walikwishaona makubwa kuliko hayo. Kuanzia mwaka 1921 kilele cha Nyamulagira kilikuwa na ziwa la lava. Mwezi Januari 1938 ziwa hilo lilitoboka kando, na lava ikaendelea kutoka kwa zaidi ya miaka miwili. Ilitembea hadi kuingia katika Ziwa Kivu karibu na Sake, ikiikata barabara inayotoka Goma. Watu waliiona ikija, wakahamisha mifugo na vyombo. Huo ndio mwenendo wa volkano ngao kama wenyeji walivyoujua: unapoteza shamba, lakini unapata muda wa kuondoka.

Tarehe 10 Januari 1977 jirani yake, Nyiragongo, hakutoa muda. Milima hiyo miwili haijatengana hata kilomita 15. Nyiragongo una miteremko mikali na kilele kirefu cha mita 3,470, nao hauhesabiwi miongoni mwa milima ya ngao. Mzungu wa kwanza kuupanda alikuwa Graf Gustav Adolf von Götzen mwaka 1894, yuleyule ambaye baadaye alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita vya Maji Maji. Tangu miaka ya 1920 ilijulikana kwamba ndani ya kasoko yake kuna ziwa la lava, na katika miaka ya kabla ya 1977 ziwa hilo lilikuwa limepanda juu sana. Asubuhi ile nyufa zilifunguka mbavuni mwa mlima na ziwa zima likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo ina silika chache mno na ni nyepesi kupita kiasi. Kwenye miteremko ya juu inakadiriwa ilikimbia kwa kilomita zipatazo 60 kwa saa. Idadi ya waliokufa inatofautiana kutoka taarifa moja hadi nyingine, kuanzia watu wapatao 70 hadi mamia kadhaa. Tembo walikutwa porini, na lava ilipopoa juu yao iliacha mashimo yenye umbo la miili yao.

Nimeutaja mlima usio wa ngao katika makala ya milima ya ngao kwa makusudi. Ukifuata umbo peke yake, Nyiragongo ungetarajiwa kuwa na lava nzito kama ugali, kwa kuwa umesimama wima. Kumbe lava yake ni nyepesi kuliko ya jirani yake mpana. Umbo la mlima ni muhtasari wa mambo yaliyotokea kwa maelfu ya miaka. Halimwambii mtu aliyejenga chini yake kitakachotokea Jumatatu.

Mwezi Aprili: Komoro na Réunion

Kisiwa cha Ngazija katika Komoro ni kwa sehemu kubwa mgongo wa volkano ngao moja hai, Karthala, yenye mita 2,361. Mapema mwezi Aprili 1977 ufa ulifunguka upande wa kusini-magharibi, chini kabisa karibu na makazi, na lava ikaufunika mji wa Singani pamoja na sehemu ya Hetsa, jirani yake. Watu walihamishwa. Nyumba hazikuhamishika.

Ili kuelewa msiba wa Singani lazima ukumbuke hali ya visiwa hivyo wakati ule. Komoro ilikuwa imejitangazia uhuru mwaka 1975 na kupinduliwa serikali yake ndani ya mwezi mmoja. Desemba 1976 Wakomoro waliokuwa wakiishi Mahajanga, Madagaska, walishambuliwa na wengi wakauawa. Katika miezi ya kwanza ya 1977 manusura zaidi ya elfu kumi na tano walirudishwa nyumbani, wengi wao kwa ndege za shirika la Kibelgiji la Sabena, na hadi leo kizazi hicho huitwa "Sabena". Nchi maskini iliyokuwa ikitafuta mahali pa kuwalaza wakimbizi hao ikapata wakimbizi wengine, wa mlima. Aidha, mwaka huohuo serikali ya Ali Soilihi iliwaachisha kazi watumishi wa umma karibu wote, na nyaraka nyingi za enzi ya ukoloni zikateketezwa kwa moto. Mwanahistoria wa Singani kwa hiyo ana vitu viwili vya kutegemea: kumbukumbu za wazee, na lava yenyewe, ambayo bado ipo pale ilipoganda.

Siku chache baada ya Singani, upande wa pili wa Madagaska, kisiwa cha Réunion kilikuwa na mkasa wake. Piton de la Fournaise ni volkano ngao yenye mita 2,632, na kawaida yake ni kumwaga lava ndani ya bonde kubwa lisilokaliwa na watu. Aprili 1977 ilitoka nje ya bonde hilo. Lava ilishuka hadi kijiji cha Piton-Sainte-Rose, ikavunja na kuunguza nyumba, ikafika mlangoni pa kanisa. Hapo iligawanyika, ikalizunguka jengo pande zote mbili, nalo likabaki limesimama. Kanisa hilo sasa linaitwa Notre-Dame-des-Laves, na watalii hulipiga picha kila siku. Ajabu ya kanisa inasimuliwa sana. Inasimuliwa kidogo mno kwamba kabla ya siku hizo kisiwa hakikuwa na kituo chochote cha kudumu cha kuuangalia mlima. Baada ya msiba kituo kilijengwa, na kikaanza kazi mwaka 1979.

Linganisha visiwa hivyo viwili. Mlima ni wa aina moja, mwezi ni uleule, hasara ni ya namna ileile. Réunion ni sehemu ya Ufaransa na ilipata kituo katika miaka miwili. Komoro, ambayo miaka miwili kabla nayo ilikuwa chini ya Ufaransa, ilisubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Sioni namna ya kulieleza jambo hili kwa jiolojia.

Mwezi Septemba: Hawaii na anga za mbali

Hawaii ndiko ambako elimu ya volkano ngao ilikulia. Mwaka 1902 mlima Pelée katika kisiwa cha Martinique uliangamiza mji wa Saint-Pierre pamoja na watu wapatao 28,000. Mmarekani Thomas Jaggar alikwenda kuyaona mabaki, na akaondoka na imani kwamba mlima haupaswi kutembelewa baada ya maafa tu, bali unapaswa kukaa na mtu anayeutazama kila siku. Mwaka 1912 alianzisha kituo cha uangalizi kwenye ukingo wa Kilauea. Alichagua Kilauea kwa sababu unalipuka mara kwa mara na mtu anaweza kuusogelea akabaki hai.

Tarehe 13 Septemba 1977 Kilauea ulipasuka upande wake wa mashariki, na lava ikaelekea kijiji cha pwani cha Kalapana. Wakazi waliondolewa. Lava ilisimama mita mia chache tu kabla ya nyumba. Wengi waliona hiyo ni neema, na ilikuwa neema kweli, ila ya muda wa miaka kumi na mitatu. Mlipuko mwingine ulioanza Januari 1983 uliendelea, pamoja na mapumziko ya hapa na pale, hadi 2018. Mwaka 1990 lava ilirudi Kalapana na safari hiyo ikakizika kijiji, nyumba zaidi ya mia moja. Mwaka 2018, katika eneo la jirani, nyumba zipatazo 700 ziliangamia. Kituo cha Jaggar kilikuwepo wakati wote huo. Kilitoa taarifa, watu wakaondoka, na karibu wote wakapona. Lakini hakuna chombo kilichoizuia lava. Mwaka 1935 Jaggar mwenyewe alishawishi jeshi la Marekani lidondoshe mabomu juu ya lava ya Mauna Loa iliyokuwa ikielekea upande wa Hilo. Lava ilisimama siku chache baadaye, na wataalamu wengi waliokuja nyuma yake wanaona kwamba ingesimama hata bila mabomu. Mwaka 1881 mji huohuo wa Hilo ulikuwa hatarini, na binti mfalme Ruth Ke'elikōlani alikwenda mbele ya lava akamwomba na kumtolea sadaka Pele, mungu wa kike wa moto. Safari hiyo pia lava ilisimama. Msomaji aamue mwenyewe nani alitumia gharama ndogo zaidi.

Siku nane kabla ya mlipuko huo wa Septemba 1977, chombo kiitwacho Voyager 1 kilikuwa kimerushwa kutoka Florida. Wakati huohuo vyombo viwili vya Viking vilikuwa vikiizunguka sayari ya Mirihi na kuleta picha za mlima mkubwa kuliko wote unaojulikana kwenye sayari yoyote, Olympus Mons. Mlima huo wataalamu wa darubini waliuona tangu karne ya 19 kama doa jeupe tu. Mwaka 1971 chombo cha Mariner 9 kilipofika Mirihi kilikuta sayari nzima imefunikwa na tufani ya vumbi, na juu ya vumbi hilo kulionekana madoa manne meusi. Vumbi lilipotua, ikabainika kwamba madoa hayo ni vilele vya volkano ngao nne. Olympus Mons una kimo cha kama kilomita 22 na upana wa kilomita 600 hivi. Uganda nzima ingetandikwa juu yake na nafasi ikabaki. Sababu ya ukubwa huo inafahamika. Katika Hawaii bamba la dunia linasogea juu ya chanzo cha joto, kwa hiyo kisiwa kimoja kikishakua kinasukumwa pembeni na kingine kinaanza. Mirihi haina mabamba yanayosogea hivyo, na mvuto wake ni mdogo. Lava ilirundikana mahali pamoja kwa mamilioni ya miaka.

Voyager 1 nayo ilipofika Mshtarii, Machi 1979, picha zake zilionyesha volkano zikilipuka juu ya mwezi mmojawapo wa sayari hiyo, Io. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kuona volkano hai nje ya dunia. Kuhusu Zuhura ilibidi kusubiri zaidi. Rada ya chombo cha Magellan iliupiga picha mlima Maat Mons, ulio wa ngao, mara mbili katika mwaka 1991. Ilikuwa Machi 2023 ndipo watafiti waliolinganisha picha hizo walipotangaza kwamba tundu moja karibu na kilele lilikuwa limepanuka na kubadilika umbo katika miezi minane iliyozitenganisha. Ushahidi ulikuwa umekaa kabatini kwa zaidi ya miaka thelathini ukisubiri mtu wa kuutazama.

Tuliyoyaona baadaye

Turudi nyumbani. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka tena na lava ikapita katikati ya mji wa Goma. Ilifunika kama asilimia 13 ya mji na sehemu ya njia ya ndege, na mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Gisenyi na Sake. Tarehe 22 Mei 2021 ulipasuka jioni bila onyo lolote la rasmi, na watu wapatao thelathini walikufa. Kituo cha Goma cha uangalizi wa volkano kilikuwa kimepoteza ufadhili wake mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa hakikuweza hata kulipia intaneti ya kukusanya takwimu kutoka vituo vyake vya mlimani. Jaggar angeyaelewa mazingira hayo vizuri.

Komoro nako, Aprili na tena Novemba 2005, Karthala ulilipuka kwa namna ambayo vitabu havitarajii kutoka kwa volkano ngao. Maji ya ardhini yalipokutana na joto la chini, mlima ulitupa majivu badala ya lava. Ngazija haina mito ya kudumu. Miamba yake ni kama chujio, na mvua huzama moja kwa moja, hivyo watu wengi hunywa maji ya mvua yaliyohifadhiwa katika mabirika. Majivu ya Novemba yaliingia katika mabirika ya vijiji vingi, na maelfu kwa maelfu ya watu wakakosa maji safi. Mapema zaidi, mwaka 1903, watu 17 walikufa kisiwani humo kwa kuvuta gesi ya mlima huohuo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeguswa na lava.

Na tarehe 23 Novemba 2025, Hayli Gubbi, volkano ngao katika eneo la Afar nchini Ethiopia, ambayo haikuwa na mlipuko wowote uliowahi kuandikwa katika historia, ilirusha majivu zaidi ya kilomita 13 angani. Wingu lilivuka Bahari ya Shamu, likapita Yemen na Oman, na likafika India, ambako safari za ndege zilifutwa. Wafugaji wa Afdera walibaki na malisho yaliyofunikwa na majivu.

Gesi inanirudisha kwenye suala la istilahi. Karibu na Goma na kando ya Ziwa Kivu kuna mabonde madogo ambamo hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini hujikusanya. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hulala chini, haina rangi, na mara nyingi haina harufu. Mbuzi akiingia humo asubuhi hatoki. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama, lakini mtoto wake anayetembea kando yake akafa. Wenyeji huziita sehemu hizo *mazuku*. Majarida ya kisayansi ya Ulaya na Marekani yamelichukua neno hilo jinsi lilivyo na hulieleza kuwa ni Kiswahili chenye maana ya upepo mbaya. Mwanaisimu atajiuliza, kama ninavyojiuliza mimi, kuhusu udugu wake na *mzuka* na kitenzi *kuzuka*.

Wahawaii waliipa sayansi maneno mawili, *pahoehoe* kwa lava laini inayojikunja kama kamba, na *'a'ā* kwa ile yenye makali inayochana miguu. Mwanajiolojia wa Marekani Clarence Dutton aliyaingiza katika maandishi ya kitaalamu miaka ya 1880, na leo mwanafunzi wa jiolojia popote duniani huyatumia. Kivu imetoa neno lake. Lilitoka kwa watu waliohitaji kumwambia mtoto, kwa neno moja tu, mahali ambapo asikanyage. Katika mihadhara yetu ya istilahi tumekuwa tukishughulika zaidi na maneno yanayoingia kuliko hayo machache yanayotoka. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuanza na mazuku, kwa kwenda Sake, Himbi na Bulengo kuuliza ni maneno gani mengine wanayotumia watu wa huko kwa gesi, kwa lava mbichi, kwa lava iliyopoa, kwa mchanga mweusi na kwa mtikisiko unaotangulia. Aulize kwa Kiswahili cha Goma, na ayaandike jinsi anavyoyasikia kabla hajaanza kuyasanifisha.